Mbegu za mvinje zilizozeeka na maji ya chumvi: mbona zilizoota mwaka jana leo zinagoma?

"Nina kitalu kidogo na shamba lenye chumvichumvi ninalotaka kulipanda mivinje. Mbegu nilizikusanya mwenyewe miezi 14 iliyopita, nikaziweka stoo kwenye mfuko wa karatasi. Zilipokuwa mpya nilijaribu punje 100 kwa maji ya mvua, zikaota 52. Punje 100 nyingine kwa maji ya kisima, zikaota 41. Kisima kina chumvi, kipimo cha umeme wa maji kinasoma 7. Juzi nimerudia jaribio lile lile: maji ya mvua zimeota 44, maji ya kisima 9 tu, tena kwa kuchelewa sana. Nimepima maji upya, bado ni 7. Jirani anasema mbegu ikikaa hukomaa na kuzoea shida, kwa hiyo kosa litakuwa la kisima. Mwingine kanishauri niziloweke usiku kucha kwenye maji ya chumvi ili zizoee. Mvinje si mti wa ufukweni? Unashindwaje na chumvi ya kisima? Na mbegu hizi nizitupe?"

Usizitupe bado, na usiziloweke kwenye chumvi. Kisima nacho kiache, hakina kosa jipya. Kilichobadilika ni mbegu, na wewe mwenyewe umeshaithibitisha kwa jaribio lako, pengine bila kujua.

Tuanze na namba zako, maana ni nzuri kuliko ninazoletewa mara nyingi. Ukitazama maji ya mvua peke yake, utasema mbegu ziko salama: kutoka 52 hadi 44. Kwa punje 100, matokeo yaliyo karibu na nusu yanaweza kupanda au kushuka kwa punje kumi hivi kwa bahati tu, ndiyo maana maabara za mbegu hupima punje 400 na si 100. Tofauti yako ya punje nane haina uzito wa kukukosesha usingizi. Sasa geukia kisima: kutoka 41 hadi 9. Hapo bahati haina la kusema. Zilipokuwa mpya, katika kila punje kumi zilizokuwa na uwezo wa kuota, nane ziliota hata kwenye chumvi. Leo ni mbili. Uzee ule ule, stoo ile ile, mfuko ule ule. Kwenye maji matamu uzee umekula punje nane, kwenye maji ya chumvi umekula 32.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu. Zamani nilipima mzigo wa mbegu kwa maji safi, kwenye karatasi safi, ndani ya kabati lenye joto la kupendeza, nikaandika kwenye lebo kuwa ziko vizuri, nikamkabidhi mwenye kitalu. Kitaluni kwake, kwenye udongo wenye chumvi na jua, zikaota za kuhesabu. Alidhani nimembadilishia mbegu. Sikuwa nimembadilishia, nilikuwa nimezipima mahali ambapo hata mbegu dhaifu hujitutumua.

Hapa ndipo panapochanganya wengi. Mbegu ina uhai, na ina nguvu, na hivi ni vitu viwili. Uhai ni swali la ndiyo au hapana: kiini kiko hai au kimekufa? Nguvu ni uwezo wa kiini hicho kuota upesi, kutoa mche ulionyooka, na kuhimili mazingira mabaya. Mbegu inapozeeka, nguvu hutangulia kuondoka, uhai hufuata baadaye sana. Ndiyo maana ukichora mstari wa uotaji kadiri muda unavyokwenda, huwa haushuki kama ngazi. Unakaa juu kwa muda mrefu, kisha unaporomoka ghafla. Wewe uko kwenye ukingo wa poromoko hilo. Dalili ya kwanza uliitaja kwa kupita tu, "kwa kuchelewa sana", nami naiona kubwa kuliko hizo tisa. Mbegu inayochelewa ni mbegu inayojitibu.

Inajitibu nini? Mbegu kavu si jiwe. Ute wa ndani ya seli zake umekauka ukawa kama kioo, na ndani ya kioo hicho mambo huenda taratibu mno, lakini hayasimami. Oksijeni inaendelea kuyachachusha mafuta yaliyo kwenye utando wa seli, kama mafuta ya kupikia yanavyochacha kabatini. Sukari hujibandika kwenye protini na kuziharibu. Nyuzi za DNA hukatika hapa na pale. Akiba ya vitu vinavyozuia uharibifu huo, kama vitamini E na glutathioni, inapungua mwezi hadi mwezi. Mbegu kavu haiwezi kujikarabati, kwa sababu ukarabati unahitaji maji. Kwa hiyo madeni yote yanarundikana yakisubiri siku ya kulowa.

Siku hiyo ikifika, mbegu hunywa maji kwa pupa. Mbegu kavu inavuta maji kwa nguvu kubwa kupita chumvi yoyote ya kisima. Hata mbegu iliyokufa itavimba vizuri tu, kwa hiyo kuvimba kusikudanganye. Kazi hasa huanza baada ya kuvimba. Kuna kipindi cha utulivu, kwa nje huoni kitu, kumbe ndani ni shughuli tupu: utando wa seli unajipanga upya, mitokondria zinafufuliwa ili kutoa nishati, DNA inaungwa. Kwenye mbegu mpya kipindi hicho ni kifupi. Kwenye mbegu iliyozeeka kinarefuka, na wakati wote huo utando unavuja. Sukari na potasiamu vinatoka nje, na sukari hiyo inaita kuvu. Ukitaka kuona kwa macho, chukua vikombe viwili vya maji ya mvua, weka kijiko cha mbegu mpya kimoja na cha mbegu kuukuu kingine, acha siku nzima, kisha tumbukiza kile kipimo chako cha umeme. Kikombe cha mbegu kuukuu kitasoma juu zaidi. Hicho unachokisoma ni seli zinazovuja.

Sasa ingiza chumvi kwenye picha hiyo. Chumvi inaiumiza mbegu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kiu. Maji yenye chumvi hayatoki kirahisi. Kipimo cha 7, kama ni desisimensi kwa mita, ni takribani gramu nne na nusu za chumvi kwa lita, kama sehemu moja ya saba ya ukali wa bahari. Kuyavuta maji hayo kunahitaji nguvu ya ziada inayolingana na kuyainua mita 25 hivi. Mbegu ikiwa kavu kabisa, mzigo huo si kitu. Lakini ikishashiba nusu, na kiini kinataka kurefusha mzizi na kulipasua ganda, mita 25 zinahisiwa. Kiini chenye nguvu hukusanya sukari na potasiamu ndani ya seli zake ili kushindana na chumvi ya nje. Kiini kinachovuja kinakusanya nini? Kila kinachochotwa kinapita tunduni.

Ya pili ni sumu. Sodiamu na kloridi huingia ndani ya seli. Seli nzima ina pampu za kuirudisha sodiamu nje au kuifungia mahali pasipo na madhara, na pampu hizo zinaendeshwa kwa nishati. Mbegu kuukuu ina utando unaopitisha zaidi, mitokondria zisizotoa nishati ya kutosha, na akiba ya kinga iliyokwisha kuliwa. Tena chumvi yenyewe huzidisha ule uchachushaji uliokuwa ukiendelea polepole stoo. Yaani uzee na chumvi vinapiga palepale, kwenye utando ule ule. Ndiyo maana hasara zake hazijumlishwi, zinazidishana. Na kwa kuwa ukarabati unachukua muda mrefu zaidi, mbegu inakaa ndani ya sumu siku nyingi zaidi kabla haijaota. Kuchelewa kwenyewe kunageuka kuwa ugonjwa.

Kuhusu jirani yako, asionekane mjinga. Yapo mambo aliyoyaona kweli. Mbegu za miti mingine hutoka mtini zikiwa na usingizi, na kukaa kwa miezi kadhaa huuondoa; mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji, kama za migunga mingi, huweza kuota vizuri zaidi baada ya kukaa kwa sababu ganda limelegea. Kwa jicho la mkulima hiyo ni mbegu "iliyokomaa". Lakini kilichoboreka hapo ni mlango, si mwenye nyumba. Kiini kilicho ndani hakijapata nguvu mpya hata chembe. Na mvinje hauna usingizi wa kuondoa wala ganda gumu la kulegea, mbegu yake huwa tayari tangu siku ya kwanza na kuanzia hapo ni kushuka.

Lipo pia wazo kwamba zile tisa zilizoota kisimani ndizo mashujaa, kwamba uzee umezichuja. Nimelisikia mara nyingi. Kuchuja kupo, lakini kunachuja nini? Sehemu kubwa unachuja punje zilizopata bahati ya kukauka vizuri au kuiva vizuri mtini. Urithi wa kustahimili chumvi haujulikani kwa njia hiyo. Ukitaka miche yenye damu ya chumvi, kusanya mbegu kutoka kwenye mivinje inayostawi kwenye udongo wa chumvi, na uchukue kwa miti mingi, ishirini na zaidi ukiweza, iliyoachana, ili usije ukapanda ukoo mmoja shamba zima.

Sasa swali lako la ufukweni, ambalo ni zuri. Ndiyo, mvinje mkubwa unastahimili chumvi kuliko miti mingi, na si ajabu kuuona umesimama mchangani bahari ikiurushia maji. Lakini ustahimilivu wa mti si ustahimilivu wa mbegu. Mti mkubwa una mizizi inayoshuka hadi penye maji ya afadhali, una namna ya kuzuia sodiamu isipande kwenye shina, na una akiba ya miaka. Mbegu ina milimita chache za uhai na udongo wa juu kabisa. Hata ufukweni kwenyewe, wakati wa mbegu kuota ni baada ya mvua kuisukuma chumvi chini. Miti kadhaa inayoitwa ya chumvi inaishi kwa ujanja huo: mbegu inasubiri mvua, inaota kwenye maji matamu, halafu ndipo mche unaizoea chumvi. Ukiiga ratiba hiyo kitaluni, nusu ya tatizo lako limekwisha.

Kuna jambo lingine la kitaluni ambalo kipimo chako hakikuonyeshi. Ile 7 ni ya maji ndani ya ndoo. Mbegu ya mvinje ni ndogo na husiwa juujuu, chini ya tabaka jembamba la mchanga. Jua likipiga, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Tabaka hilo likikauka hadi kubakiwa na nusu ya maji yake, mbegu haipo tena kwenye 7, iko kwenye 14. Na ukimwagilia kwa kuyaacha maji yapande kutoka chini ya trei, kama wengi wanavyofanya ili mbegu ndogo zisisombwe, unaipandisha chumvi yote juu na kuilundika palepale mbegu ilipo. Tazama asubuhi ukingo wa trei zako. Ukiona ukoko mweupe kama unga, hapo ndipo mbegu zako zimelala.

Kabla ya kuamua lolote, fanya jaribio moja ambalo halina gharama. Zile punje 91 ambazo hazikuota kwenye maji ya kisima, kama bado hujazimwaga, zisuuze mara tatu kwa maji ya mvua, zilaze kwenye karatasi mpya iliyoloweshwa maji ya mvua, uzipe wiki mbili hadi tatu. Zitakazoota zilikuwa na kiu tu, chumvi ilizizuia bila kuziua. Zitakazooza au kubaki kimya, ama ziliuawa na chumvi, ama zilikuwa zimekufa, ama zilikuwa tupu tangu mwanzo. Za mwisho hizi usizipuuze: mbegu za mvinje hata zikiwa mpya huwa na punje nyingi tupu, na ndiyo sababu 52 ya mwanzo haikuwa matokeo mabaya. Ziminye kwa ukucha baada ya jaribio. Tupu inasagika ikiwa kavu, iliyokuwa na kiini inaacha kitu cheupe au, ikiwa imeoza, cha kijivu chenye maji.

Zikirudi, tuseme, 25 au zaidi kati ya hizo, mzigo wako wa mbegu bado una maisha na unahitaji tu kuepushwa na chumvi mwanzoni. Zikirudi tatu au nne, ujue chumvi inaziua moja kwa moja, na kila wiki unayozidi kukaa nazo stoo unapoteza nyingine.

Kwa vyovyote vile ningezisia sasa, msimu huu, kwa maji matamu pekee. Maji ya mvua yaliyohifadhiwa yanatosha, kwa sababu kipindi hiki hakihitaji maji mengi: trei moja iliyofunikwa kwa karatasi ya nailoni na kuwekwa kivulini hukaa na unyevu wake siku kadhaa. Kabla ya kusia, usizitumbukize ndani ya maji. Mbegu kuukuu ikinywa kwa pupa inapasuka utando kabla haujajipanga. Ziweke kwenye kitambaa, kitambaa ukikalishe juu ya kichungi, kichungi juu ya bakuli lenye maji kidogo ambayo hayazigusi, funika, acha siku moja hadi mbili. Zitafyonza unyevu wa hewa taratibu, ukarabati uanze. Kisha zisie siku hiyo hiyo. Mbegu iliyoamshwa hivyo usiirudishe stoo kwa matumaini ya mwezi ujao, maana muda wake wa kukaa umeshafupishwa.

Ushauri wa kuziloweka kwenye chumvi "ili zizoee" una chembe ya ukweli iliyopotoshwa njiani. Ipo mbinu ya kuloweka mbegu kwenye maji yenye chumvi kidogo iliyopimwa, kwa saa zilizopimwa, kuzisuuza, kuzikausha na kuzisia, na kwa baadhi ya mimea imesaidia mbegu kuota upesi. Inasaidia kwa kuiruhusu mbegu ianze ukarabati bila kuota, wala haibadilishi urithi wake.  Kwako wewe, mwenye mbegu zilizoonyesha kuwa chumvi ya 7 inaangusha punje nne kati ya tano, ni kumtibu mwenye kidonda kwa pilipili. Kama udadisi unakuzidi, toa punje 100 ujaribu, zilizobaki zisubiri.

Sia kwa wingi. Kwa 44 katika 100, ukitaka miche 300, mtu angehesabu punje 700 basi. Mimi ningesia 1,200. Mbegu zilizozeeka hutoa miche mingi yenye kasoro: mzizi ulionywea au kukatika ncha, mche uliogoma kuvua ganda lake, majani ya mwanzo ya kijani iliyopauka. Kasoro hizi hazionekani kwenye hesabu ya "imeota", zinaonekana wiki ya tatu. Usiwe na huruma unapoatika. Mche wenye mzizi mbovu leo hautapona kwenye shamba la chumvi. Kwa ule ulionyooka na kukua sambamba na wenzake, sioni sababu ya kuuogopa eti kwa kuwa ulitoka kwenye mbegu kuukuu. Uzee wa mbegu hukata mwanzo wa safari. Mche ukishajitengenezea seli mpya na mizizi mipya, ustahimilivu wake ni ule uliorithi kwa mama yake.

Chumvi ilete baadaye, na uilete kwa kupanda ngazi. Miche ikishaatikwa na kuanza kutoa vijitawi vyake vyembamba vya kijani, wiki ya sita au ya nane hivi, changanya robo ya maji ya kisima kwenye robo tatu za maji matamu. Baada ya siku kumi fanya nusu kwa nusu. Kisha robo tatu, kisha kisima chenyewe. Mwagilia kutoka juu, kwa wingi kiasi cha maji kupenya na kutoka chini ya kifuko, ili chumvi ya jana ioshwe. Ncha za vijitawi zikianza kuwa kahawia, rudi ngazi moja na usubiri. Mwili wa mche unahitaji muda wa kujenga zile pampu na vifungio vya sodiamu, na mche uliorushwa ghafla hauna.

Ulipozikosea mbegu ni kwenye ule mfuko wa karatasi. Karatasi inapumua, na hewa ya stoo ikiwa na unyevu, mbegu inaunywa. Watu wa mbegu wana kanuni ya kukadiria iliyotolewa na mtafiti wa mbegu, Harrington: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia moja, umri wake wa kukaa unaongezeka maradufu, na kila unapopunguza joto kwa nyuzi 5 unaongezeka maradufu tena. Inafanya kazi kati ya unyevu wa asilimia 5 na 14, tena kwa mbegu zinazokubali kukaushwa tu. Mbegu yenye unyevu wa 12 kwenye joto la nyuzi 30, na ndugu yake yenye unyevu wa 7 kwenye nyuzi 5, kwa hesabu ya kanuni hiyo zimeachana mara zaidi ya elfu moja. Tarakimu yenyewe usiishike kama msahafu, shika mwelekeo. Miezi 14 si umri. Umri ni miezi hiyo pamoja na unyevu na joto lake. Mbegu ya mtende iliyochimbuliwa kwenye ngome ya kale ya Masada, Israeli, iliyokaa kwenye ukame wa jangwa kwa takribani miaka 2,000, iliota mwaka 2005. Mbegu ya mvinje kwenye karatasi na joto la stoo inachoka ndani ya mwaka.

Mwakani, koni zikianza kugeuka rangi kutoka kijani kuwa kahawia na kabla hazijafunguka, zichume, zianike kivulini juu ya kitambaa, zitafunguka zenyewe baada ya siku chache na kumwaga mbegu. Chunga sisimizi, wanazipenda kuliko wewe. Zipepete, kisha zimalizie kukauka ndani ya chupa ya kioo pamoja na silika jeli (vile vipunje vya kunyonya unyevu) au mkaa mkavu kabisa uliofungwa kwenye kitambaa, halafu funga chupa na uiweke kwenye friji, si kwenye jokofu la kugandisha. Siku ya kuitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua mfuniko. Ukiifungua ikiwa baridi, umande unatua juu ya mbegu na umefuta kazi ya mwaka mzima kwa dakika tano. Na tafadhali usihamishie utaratibu huu kwenye mbegu za mwembe au za mikoko. Hizo hazikubali kukaushwa wala baridi, zinakufa. Kwa hizo, kuhifadhi ni kuzipanda wiki hiyo hiyo.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayawezi kukufikisha. Kipimo chako kinasema chumvi ni nyingi kiasi gani, hakisemi ni chumvi gani. Kama sodiamu ndiyo imetawala na kalsiamu ni haba, mbegu na miche huumia kuliko 7 inavyoonyesha, na hapo jasi kidogo inaweza kusaidia kwa kuwa kalsiamu huushikilia utando wa seli. Lakini jasi nayo ni chumvi, inapandisha kipimo, usiimwage kwa kukisia. Peleka lita moja ya maji ya kisima na sampuli ya udongo wa shamba, wa juu na wa kina cha mkono, kwenye maabara ya udongo, uombe wapime sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, kloridi, boroni na pH. Udongo ukirudi na pH iliyozidi 8.5, unaoganda kama saruji ukikauka na kutuamisha maji mvua ikinyesha, tatizo lako kubwa ni udongo, na mtaalamu wa udongo aje aukanyage mwenyewe kabla hujapanda hata mche mmoja.

Na kama baada ya jaribio la kusuuza unabaki na kilo nzima ya mbegu hizi na unasitasita, omba maabara ya mbegu izipime kwa tetrazolia. Ni dawa inayozigeuza nyekundu sehemu za kiini zilizo hai. Kwa punje ndogo kama za mvinje inataka mkono uliozoea na lenzi nzuri, usijaribu nyumbani. Mwambie mpimaji akutajie pia ngapi zilikuwa tupu, maana asipoulizwa huenda asiandike.